Muziki wa Jukwaani na wa Filamu Kutoka Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa waongozaji, waandishi wa tamthilia, watayarishaji wa filamu na vikundi vya sanaa vinavyofikiria kufanya kazi nami. Maswali haya hurudi karibu kila simu inapoita, kwa hiyo nimeona niyajibu mara moja kwa utulivu. Huna haja ya kusoma yote. Ila kama una haraka, usiruke swali la muziki wa muda (ule wa kuazima anaouweka mhariri wakati wa kukata picha) wala la haki, maana huko ndiko ugomvi mwingi unakozaliwa.

Kazi yako hasa ni ipi? Wewe ni prodyuza?

Natunga muziki unaotembea na hadithi. Prodyuza wa Bongo Fleva anatengeneza biti, msanii anaingia juu yake, wimbo unatoka na kusimama wenyewe redioni. Wangu hausimami wenyewe. Ukiuchomoa kwenye tukio lake na kuusikiliza kwenye daladala, vipande vingine utaona vina shimo katikati, na shimo hilo ndipo mwigizaji anapozungumza.

Watu huniambia, "Wewe unajua kila mtindo." Si kweli. Mwezi mmoja naweza kuandika kwaya ya sauti nne kwa tamthilia ya kanisani, singeli ya nusu dakika kwa tukio la kukimbizana Manzese, kisha kipande cha inanga moja, ala ya nyuzi ya huku, kwa filamu ya mzee aliyebaki peke yake shambani. Singeli sikukulia. Ninachojua ni kuuliza tukio linataka nini, halafu nikamtafuta mtu aliyekulia humo, nikamsikiliza kabla sijagusa kinanda.

Muziki wa jukwaani na wa filamu unatofautiana wapi?

Watu wengi hudhani tofauti ni ukubwa wa spika. Tofauti kubwa ni muda. Filamu ikishahaririwa, mlango unaofungwa sekunde ya 47 utafungwa sekunde ya 47 hadi mwisho wa dunia. Jukwaani hakuna kitu kama hicho. Leo mama aliyefiwa anakaa kimya pumzi tatu kabla ya kujibu. Kesho watazamaji wanacheka mahali ambapo hakuna aliyetarajia kicheko, naye anangoja kicheko kiishe. Muziki uliorekodiwa kwa urefu mmoja utamwacha njiani au utamkanyaga.

Kwa hiyo tamthilia naiandikia mizunguko: kipande kifupi kinachoweza kurudiwa mara mbili au mara kumi bila msikilizaji kuchoka, chenye milango kadhaa ya kutokea. Mpigaji anamkodolea macho mwigizaji. Mkono wa mwigizaji ukigusa kizingiti, mzunguko unavunjwa na tunaingia kipande kinachofuata. Hili huwezi kulifanya vizuri kwa kubonyeza kitufe cha simu iliyochomekwa kwenye spika, ingawa najua vikundi vingi vinafanya hivyo kwa kukosa njia nyingine. Kama ndiyo hali yenu, niambieni mapema. Nitawatengenezea vipande vifupi vifupi vyenye mikia mirefu inayofifia, ili anayebonyeza awe na nafasi ya kuteleza bila watazamaji kugundua.

Jambo la pili ni jengo. Kumbi nyingi za huku zimeezekwa bati, na kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ni mgeni asiyebisha hodi. Mvua ikipiga bati, zeze halisikiki hata safu ya pili. Onesho likipangwa msimu huo, naandika kwa ngoma, manyanga na sauti za watu, au nakuwa na toleo la pili la tukio tulivu zaidi. Dairekta anayeniletea tarehe bila kuniambia onesho litakuwa ukumbi gani amenipa nusu ya habari.

Tatu, jukwaani chanzo cha sauti kinaonekana. Mpiga ngoma akiinua mikono, macho yote yanamhama mwigizaji na kumfuata yeye. Lazima tuamue tangu mazoezi ya kwanza: wapigaji ni watu wa ndani ya hadithi, au wamefichwa? Mimi huwapenda wawe ndani. Hadithi zetu za jioni hazijawahi kutenganisha msimuliaji, wimbo na kiitikio cha wasikilizaji, na waandishi wa tamthilia wa Tanzania wa miaka ya baada ya uhuru, akina Ebrahim Hussein na Penina Muhando, waliurudisha utamaduni huo jukwaani kwa makusudi. Hakuna sababu ya sisi kuwaficha wapigaji nyuma ya pazia kama watu wenye deni.

Nikuite lini?

Kwa tamthilia, siku ya kusoma mswada mezani. Kwa filamu, nitumie skripti hata kama pesa ya kupiga picha haijapatikana. Kusoma ni bure.

Ninavyoona mimi, mtunzi wa muziki huitwa amechelewa. Anaitwa picha zimeshapigwa, bajeti imeshaliwa na taa na usafiri, zimebaki siku chache kabla ya kuonesha. Hapo hana la kufanya ila kupaka rangi. Ennio Morricone, yule mtunzi Mwitaliano aliyefariki 2020, aliwahi kumwandikia mwongozaji Sergio Leone muziki kabla kamera haijawashwa. Ukapigwa lokesheni, waigizaji wakatembea wakiusikia. Sisemi kila filamu ifanywe hivyo. Lakini kama katika hadithi yako kuna mtu anayeimba, anayecheza ngoma, anayepiga gitaa au anayebembeleza mtoto kwa wimbo, muziki huo lazima uwepo kabla ya siku ya kupiga picha. Mwigizaji akitingisha mikono juu ya ngoma bila kujua mdundo, hakuna mtunzi atakayeokoa mikono ile.

Kikao cha kwanza kinakuwaje?

Tunakaa mimi, mwongozaji na mhariri, tunaitazama picha kuanzia mwanzo, tukisimamisha. Kwa kila mahali tunajibu: muziki unaingia wapi, unatoka wapi, na unamwambia mtazamaji kitu gani ambacho macho yake hayajaambiwa. Swali la tatu ndilo gumu. Kama tunaona mtu analia na muziki nao unalia, tumemwambia mtazamaji jambo moja mara mbili.

Usije na majina ya mitindo. Usiniambie "nataka kitu cha huzuni chenye piano." Niambie huyu bibi anaficha nini kwa wajukuu wake. Niambie nani anadanganya kwenye tukio hili na nani anajua kuwa anadanganywa. Piano nitaitafuta mwenyewe, au nitaona haihitajiki.

Kwa nini unang'ang'ania picha ifungwe (uhariri ukome) kabla hujaanza kuandika?

Kwa sababu ya hesabu. Filamu huenda picha 24 kwa sekunde, televisheni ya huku 25. Muziki una mapigo yake kwa dakika. Kwa picha 24, muziki wa mapigo 120 unatoa pigo moja kila picha 12. Ukishuka hadi mapigo 72, pigo moja linachukua picha 20.

Sasa rudi kwenye ule mlango wa sekunde ya 47. Nikienda kwa mapigo 90, hadi mlango ufungwe yamepita mapigo 70 na nusu. Maana yake mlango unagonga katikati ya mapigo mawili, na mtazamaji atahisi kitu kimeyumba ingawa hatajua ni nini. Nikipunguza hadi mapigo 89.36, mlango unaangukia juu ya pigo barabara, yakiwa yamepita mapigo 70. Hakuna sikio litakalotambua kuwa nimepunguza. Kisha mhariri wako anaamka usiku, anakata sekunde moja mwanzoni mwa tukio, hasemi. Mlango sasa uko sekunde ya 46, mapigo yaliyopita ni 68 na nusu, na kazi yangu yote imerudi kwenye kuyumba kule kule.

Kukata kunaruhusiwa, mradi unijulishe umekata wapi na kwa picha ngapi. Na kama picha bado inabadilika kila siku, naweza kukuandikia mahadhi ya wahusika na michoro ya mwanzo, ila sirekodi mtu yeyote hadi ifungwe. Wapigaji wanalipwa kwa kazi, na hawawezi kulipwa mara mbili kwa usingizi uliomtoka mhariri.

Mhariri ameshaweka muziki wa muda kutoka mtandaoni. Unaweza kutengeneza unaofanana nao?

Unaofanana kabisa, hapana. Kwanza ni wizi, hata ukibadilisha noti mbili. Pili, unakuwa umenilipa nikutengenezee kivuli.

Naelewa kwa nini muziki wa muda unawekwa: mhariri anahitaji mwendo wa kukatia picha. Shida ni kwamba mwongozaji anauona mara hamsini kwenye chumba cha kuhariri, anauzoea, na siku nikileta wangu anahisi filamu imevuliwa nguo. Kinachopendwa hapo ni mazoea tu. Kwa hiyo nina utaratibu: niletee picha mara mbili, moja ina muziki wa muda na moja haina kitu. Nitatazama isiyo na kitu kwanza. Kisha nitakuuliza kwenye ule wa muda unapenda kitu gani: mwendo wake, uzito wake, au ile nafasi wanayoipata waigizaji? Mara nyingi jibu ni moja tu kati ya hayo, na hilo naweza kukupa bila kuiba.

Na tafadhali, wa muda usiwe na maneno. Wimbo wenye maneno ukishakaa kwenye tukio la kimya, haung'oki.

Filamu yangu ina dakika 90. Nitahitaji muziki wa dakika ngapi?

Pungufu ya unavyofikiri. Filamu zetu nyingi zina muziki kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, kama feni isiyozimwa, na mwishowe hakuna anayeusikia. Kimya nacho nakiandika kwenye orodha yangu ya vipande, kwa kukipa namba na sekunde zake, ili asije mtu akakijaza wakati wa kumiksi akidhani nimesahau.

Nataka muziki "wenye ladha ya Kigoma". Unaweza?

Naweza, lakini tukae kwanza. Ladha ipi? Ujiji ni mji wa Waswahili wa zamani wa bara, una waliotoka pwani na Wamanyema waliovuka kutoka Kongo. Dufu na maulidi vimo humo. Kasulu na Kibondo ni Buha, huko kuna inanga, ile ala ya nyuzi inayolala kama sahani ndefu, mpigaji akiimba nusu kwa kunong'ona. Ukielekea mpakani unasikia ngoma za namna ya Burundi, zile kubwa za gogo zinazopigwa na kundi zima wamesimama. Ngoma hizo za kifalme UNESCO waliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Mwambao wa Ziwa Tanganyika una Wabembe na nyimbo za Kongo zilizokuja na maboti. Vijana wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, nao wanasikiliza kile kile anachosikiliza kijana wa Sinza kule Dar es Salaam, na mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walipoungana kama Kigoma All Stars, hawakutoa ngoma ya jadi, walitoa Bongo Fleva. Hiyo nayo ni ladha ya Kigoma.

Kwa hiyo mtayarishaji akinipigia kutoka Dar es Salaam na kusema "weka ngoma ngoma hivi za Kigoma", ninamuuliza hadithi inatokea wapi, mwaka gani, na mhusika ni mtoto wa nani. Filamu ya mwaka 1914, reli ya kati inapofika Kigoma, haiwezi kuwa na sauti moja na filamu ya mchuuzi wa leo wa migebuka, samaki wa ziwa letu.

Na mara nyingi ladha ya mahali haimo kwenye ala. Imo kwenye sauti za mahali penyewe. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, kwa sababu taa zao huvuta samaki pale mwezi usipowaka. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika. Kwa hiyo mialo ya huku kama Kibirizi au Katonga ya usiku wa giza ina injini zinazoondoka moja moja na kupotea, na ya mbalamwezi ina mawimbi, mbwa na redio ya mbali. Mwandishi akiniandikia "usiku, ufukweni", swali langu la kwanza ni mwezi. Katikati ya 2024, uvuvi uliposimamishwa ziwani kwa miezi mitatu, mialo ilikuwa na ukimya wa namna ya tatu kabisa, na nilikwenda kuurekodi kwa kuwa sikujua utarudi lini. Injini ya mtumbwi ina noti yake. Nikiijua, naweza kuuanza muziki kwenye noti hiyo hiyo, na mtazamaji hatajua injini imeishia wapi na nyuzi zimeanzia wapi.

Kitu kimoja sikifanyi: mlio wa magurudumu ya treni kama mdundo wa kila filamu inayotaja Kigoma. Mwisho wa reli, tumesikia.

Unatumia ala halisi au za kompyuta?

Zote. Nyuzi nyingi za pamoja, zile zinazofunika skrini nzima, natoa kwenye kompyuta. Huku hakuna okestra ya kukodi, na nisiseme uongo kuwa ipo. Lakini kila kipande nakiwekea walau mtu mmoja anayepumua: filimbi, gitaa, sauti ya mama anayeimba, zeze. Ala moja ya kweli mbele huzifanya za kompyuta zilizo nyuma zisamehewe.

Kwa inanga, zeze, dufu na ngoma kubwa, sitoi kwenye kompyuta. Sampuli zilizopo nyingi zimerekodiwa bila kujua ala inapigwaje, na mzee yeyote wa Kasulu atacheka.

Kukaa Kigoma hakukucheleweshi?

Umeme ukikatika, ndiyo. Ndiyo maana kurekodi hufanyika usiku wa manane au alfajiri, na betri ipo. Intaneti inatosha kupokea picha iliyopunguzwa uzito. Usinitumie ile ya ubora kamili, siihitaji. Kwa tamthilia nahitaji kuwepo mwenyewe kwenye mazoezi ya wiki ya mwisho, kwa hiyo kikundi cha mkoa mwingine kinahesabu nauli na malazi. Tabora na Mwanza si tatizo.

Bei yako ni kiasi gani?

Hakuna bei ya dakika, ingawa wengi huulizia hivyo. Dakika moja ya kinanda na filimbi na dakika moja ya kwaya ya watu ishirini hazilingani. Ninaangalia idadi ya watu nitakaowalipa, muda nilionao, mahali filamu itakapooneshwa, na haki unazotaka kuchukua (soma swali linalofuata). Nusu inalipwa kabla sijaanza, nusu kabla ya mafaili ya mwisho kutoka.

Bajeti ndogo haimaanishi muziki dhaifu. Inamaanisha tuamue mapema. Mwaka 1960 mtunzi Bernard Herrmann alimwandikia mwongozaji Alfred Hitchcock muziki wa filamu nzima kwa nyuzi peke yake, bila tarumbeta wala ngoma, na mpaka leo watu wanaiogopa. Filamu ya sauti moja ya kike na ngoma moja inaweza kuwa na nguvu kuliko ile iliyojaa okestra ya kompyuta. Ninachokataa ni bajeti ya ngoma moja inayotaka isikike kama ya Hollywood.

Vikundi vya shule na vya vijana: njooni tuzungumze. Mara nyingi nawafundisha wanafunzi wapige wenyewe, na mnabaki na muziki wenu.

Nikishakulipa, muziki ni wa nani?

Hapa tusome polepole, kwa sababu ndipo watu wanapoacha kusalimiana.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo inayosimamia. Kazi ya muziki inalindwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Usitegemee malipo ya kutunga peke yake kuamua haki hizo ni za nani. Kinachoondoa ubishi ni maandishi. Kwa hiyo tunaandika mkataba, hata kama wewe ni rafiki yangu na tumekula ugali wa muhogo na migebuka sahani moja. Hasa kama ni rafiki yangu.

Kawaida nakupa leseni: unatumia muziki ndani ya filamu au tamthilia hii, mahali popote itakapooneshwa, kwa muda wote. Muziki unabaki wangu. Hutauchomoa uweke kwenye tangazo la sabuni, na mimi sitamuuzia mwenzako kipande kile kile kwa filamu yake. Ukitaka kununua haki zote za kiuchumi, inawezekana na bei inapanda. Jina langu kubaki kwenye orodha ya mwisho wa filamu haliuzwi kwa bei yoyote.

Tofautisha pia vitu viwili ndani ya muziki mmoja: utunzi, na rekodi yake. Mpigaji wa zeze hakutunga, lakini rekodi ina mkono wake na sheria inamtambua. Nawasainisha wapigaji na waimbaji wote karatasi kabla ya kurekodi, na nakala unapata. Bila hizo, filamu ikikubaliwa kwenye tamasha la filamu kama ZIFF kule Zanzibar au ikitakiwa na kituo cha televisheni, utaulizwa na utakosa jibu.

Nyimbo za jadi ni jambo la pekee. Watu hudhani wimbo usio na mwenyewe ni wa kuokota. Sheria hiyo hiyo ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, inahusika. Mbali na sheria, kuna adabu. Wimbo wa matanga wa kijiji fulani hautakuwa muziki wa tukio la mapenzi katika kazi ninayoisimamia, hata mwongozaji akipiga magoti. Nikitumia mahadhi ya jadi, nakwenda kuuliza wazee wimbo huo unaimbwa lini na nani haruhusiwi kuuimba, na kwenye orodha ya majina tunataja ulikotoka.

Naweza kutumia wimbo maarufu uliokwisha kutoka?

Ukipata ruhusa mbili: ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Mara nyingi ni watu tofauti. Msanii kukwambia "poa kaka, tumia tu" kwenye WhatsApp hakutoshi kama rekodi inamilikiwa na lebo. Na ile imani kwamba sekunde chache ni bure haina msingi.

Kibali cha Bodi ya Filamu unashughulikia wewe?

Hapana, ni kazi ya mtayarishaji. Kumbuka tu kwamba Sheria Namba 4 ya mwaka 1976 inahusu filamu na michezo ya kuigiza jukwaani pia.

Nitapokea mafaili ya namna gani?

WAV, 48 kHz, biti 24. Si MP3, na si zile 44.1 za wimbo wa kawaida, kwa sababu picha inatembea na 48. Kila kipande kinakuja mara mbili: kimoja kimeshamiksiwa, kingine kimegawanywa kwa makundi (ngoma peke yake, nyuzi peke yake, sauti za watu peke yake), ili anayemiksi filamu aweze kushusha ngoma pale neno la mwigizaji linapozama, bila kuushusha muziki wote. Jina la faili lina namba ya tukio na saa ya kuanzia kwenye picha. Tafadhali msiyabadilishe majina.

Unatumia akili mnemba?

Kusafisha kelele kwenye rekodi, ndiyo. Kutunga, hapana. Mashine hizo zimelishwa muziki mwingi wa mahali pengine na kidogo sana wa huku, na ukiziomba inanga zinakupa kinubi cha hotelini.

Nataka kuwa mtunzi wa muziki wa filamu. Nianzie wapi?

Kama upo kwenye kwaya, umeshaanza. Kwaya inakufundisha sauti nne zinavyopishana bila kugombana, na watunzi wengi wazuri wa nchi hii wametoka humo. Ukitaka shule, ipo TaSUBa kule Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy ukitaka ala za nyuzi za oud na kanuni, na taarab. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada za sanaa.

Wakati unasubiri ada, fanya hivi. Chukua tukio la dakika mbili la filamu yoyote, zima sauti, andika muziki wako. Kisha andika mwingine unaosema kinyume kabisa, kwa picha zile zile. Ukiona mhusika yule yule amegeuka kutoka mtu mwema kuwa mtu wa kuogopwa, na hujagusa picha hata moja, umeshaelewa kazi hii inahusu nini. Halafu nenda kakae kwenye mazoezi ya kikundi chochote cha maigizo kilicho karibu nawe, upige ngoma ukimfuata mwigizaji. Ngoma peke yake, bila kompyuta. Hapo utajifunza kusubiri, na vijana wengi wanaonitumia kazi zao wamekosa hicho tu: wanajua kupanga sauti nyingi, hawajui kunyamaza mtu akiongea.

Wanafunzi nawapokea mmoja mmoja, wakati wa mazoezi ya tamthilia, siyo studio. Studio utakuja baadaye.

Unapokea kazi za harusi, sendoff na matangazo?

Harusi hapana, mkoa huu una bendi na madjei wa kutosha. Matangazo ya redio, nikipenda hadithi yake.

Niko tayari. Nikutumie nini?

Skripti au mswada, hata ule wenye makosa ya tahajia. Ukumbi au mahali pa kuonesha, na mwezi. Jina la mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho kuhusu muziki, mmoja tu, kwa sababu nikipokea maoni ya dairekta, ya mtayarishaji na ya shemeji yake mtayarishaji, nitamwandikia shemeji. Kama picha ipo, nitumie yenye saa inayotembea pembeni ya skrini. Na uniandikie aya moja, kwa maneno yako mwenyewe, ukinieleza tukio gani katika kazi hii linakunyima usingizi. Nitaanza kuandika na tukio hilo.